Mwaka wa Mkono wa Kushoto

Siku ya tatu ya msiba wa mama, wanawake wakiwa wamejaa sebuleni mikekani na wengine wamekaa hadi uani, aliingia mama mmoja mwenye mvi na msalaba mdogo shingoni. Alivua viatu mlangoni kama watu wote, akasimama akitazama nyuso. Mtaa wetu hapa Rumonge tunajuana hata kwa kikohozi, na huyu hakujulikana. Shoga yangu mmoja alikuwa anainuka amuulize anamtafuta nani, lakini mgeni alishaniona. Alipita katikati ya magoti ya watu, akainama mbele yangu, akaninyoshea mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto, msibani, mbele ya bibi zangu! Niliwasikia wakivuta pumzi. Mimi nilijua palepale, maana maishani mwangu ni mtu mmoja tu aliyewahi kuanza kunisalimia hivyo. "Madamu Konsolata," nikasema, na kilio nilichokuwa nimekizuia tangu mazikoni kikanitoka chote. Alikaa kando yangu, akanishika bega mpaka nikatulia, kisha akaniinamia sikioni. "Mama yako alinifukuza mara mbili," alisema. Nikamwambia, "Mara tatu. Ile ya tatu ulikuwa umeshahama." Tukacheka, Mungu atusamehe, tukajifunika mitandio tuonekane tunalia.

Tangu siku hiyo ule mwaka haunitoki. Nikipepeta mchele niko ndani yake, nikifunga duka niko ndani yake. Mambo ya ukoo, nani alimzaa nani na nani alifika kwanza kwenye pwani hii ya Tanganyika, wapo jamaa zangu wanaoyajua vizuri kuliko mimi na hawanyamazi, nawaachia wao. Mimi nina huo mwaka mmoja. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na malaria ya kichwani ilikuwa imeshanipita, imeniacha hai kwa upande mmoja. Mguu wa kulia niliuburuta. Mkono wa kulia ulijikunja kifuani, vidole vimefumba, na kila nilipotaka kuutumia ndipo ulipozidi kukaza. Shule niliacha. Barabara sikuiona. Dunia yangu ilikuwa chumba cha nyuma, kilichotengwa na sebule kwa pazia, chenye dirisha dogo la kuangalia uchochoro ambako wanawake waliparua samaki asubuhi. Upepo ukitoka ziwani, chumba kilinuka mukeke, samaki wa huku kwetu; ukigeuka, kilinuka mawese yanayochemshwa kwa majirani. Hivyo ndivyo nilivyojua hali ya hewa.

Kila asubuhi mama alipasha mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi, kwenye kijiko, akanipaka mkono ule mgonjwa kuanzia begani, akiuvuta polepole, akiukunjua kidole kwa kidole huku anasoma dua kwa sauti ndogo. Kila mchana aliniketisha kwenye kigoda, mgongo ukutani, akanilisha. Lakini kabla ya kunilisha aliufunga mkono wangu wa kushoto, ule mzima, kwa mtandio, kiunoni. Alikuwa na sababu mbili na zote alizisema waziwazi. Ya kwanza, kwamba mkono mzima ukipumzika, ule mgonjwa utaikumbuka kazi yake. Ya pili kila mtu wa kwetu anaijua bila kuambiwa: mkono wa kushoto ni wa chooni. Huulii, humpi mtu kitu nao, husalimii nao. Basi nilikuwa na mkono mmoja unaofanya kazi na huo mmoja ulikuwa haramu kwa kila kitu. Na lazima niseme, mama alijua kulisha. Alichambua mukeke kwa vidole mpaka usingeuona mwiba, akafinyanga tonge dogo la ugali wa muhogo, akalichovya, akalipulizia, akaniwekea mdomoni sawasawa, wala sikuwahi kupaliwa.

Nilichokula zaidi ya chakula kilikuwa maneno ya nyuma ya pazia. Wanawake walikuja kumwona mama jioni, na kwa kuwa nilikuwa mgonjwa walidhani na masikio nayo yameugua. Waliongea juu yangu kwa sauti ile ya kumtaja marehemu. "Pole, Mama Mwamini. Mungu atamupunguzia." Kisha walimgeukia yeye na sauti ikapata uhai: "Lakini wewe iko na moyo, dada. Mutu ingine ingemutupa kwa bibi yake. Wewe pepo yako iko humu ndani ya nyumba." Nilisikia hivyo siku baada ya siku. Mama aligongagonga vikombe tu. Alikuwa mjane, anaishi kwa kaka yake, hana kitu mtaani cha kuitwa chake isipokuwa sifa hiyo. Mimi ndiye niliyekuwa pepo ya mama yangu. Pepo haiombi kwenda kucheza nje.

Mwaka huo ndipo Konsolata alipokuja Rumonge. Alikuwa mmoja wa wale waliokulia Tanzania uhamishoni wakarudi wakubwa, na Kiswahili chake kilikuwa cha redio, kila neno limepigwa pasi. Alikuwa amesomea huko kazi ambayo hapa hatukuwa na jina lake. Hakutoa dawa, hakupiga sindano. Alikwenda kwenye nyumba zenye watoto wenye ulemavu, akakaa na wazazi, wakatafuta pamoja namna mtoto atakavyokula mwenyewe, atakavyovaa, atakavyooga, atakavyocheza na wenzake. Watu walimwita Madamu wa Mikono na wakamcheka kidogo: mutu anasoma miaka yote ile kwenda kufundisha kuvaa nguo? Mjomba wangu Sefu, yule kaka wa mama, alimsikia kule wanakopakulia ndagala, dagaa wa ziwani. Mjomba alikuwa na nyavu zake ziwani na shamba dogo la michikichi Kizuka. Alikuwa mtu wa swala tano, asiye na maneno mengi, na akisema limesemwa. Alikuja akasimama mlangoni, akamwambia mama, "Aje aone tu. Kuona haiko kulipa."

Hapo watu wangu walifanya kosa ambalo nikilikumbuka nacheka na kuumia kwa pamoja. Walimpokea Konsolata kama tunavyopokea watu wa posa. Mama alinikogesha tangu alfajiri. Nilivishwa gauni la Idi, nikapakwa wanja, nikafukizwa udi, nikaketishwa sebuleni katikati ya mito kama bibi harusi mwenye homa. Kigoda kilifichwa. Beseni lilifichwa. Mtandio wa kunifungia ulifichwa chini ya godoro. Chochote ambacho kingemwonyesha mgeni tunavyoishi kiliondolewa, kwa heshima ya mgeni. Kisha mama akakaa mbele yangu kidogo, na kila nilichoulizwa akajibu yeye. Hujambo, Mwamini? "Hajambo, Madamu." Umelala vizuri? "Amelala." Konsolata alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akanikaribia, akautazama mkono wangu wa kulia uliojikunja juu ya gauni, akaninyoshea wa kushoto. Mjomba alisonya pale kwenye kiti chake. Mimi nilitazama ule mkono wa mtu mzima nilionyoshewa, nikaona aibu ya ajabu, nikaupokea. Ulikuwa na joto. Sikuwa nimesalimiana na mtu kwa mkono tangu niugue.

"Mwamini anaweza nini?" aliuliza Konsolata, akimtazama mama.

"Haweze kitu, Madamu. Si unamuona?"

"Anapenda nini?"

Watu waliotuzuru wote waliuliza nimepoteza nini, kwa homa ya namna gani, kwa kosa la nani. Hili hakuna aliyewahi kuliuliza, hata mimi sikuwa nimejiuliza. Mwishowe Mjomba, mtu wa maneno machache, alijikohoza. "Huyu? Anapenda kusema," akasema. "Anasema sana. Hata pazia linachoka." Konsolata akacheka, nami nikacheka, mama hakucheka. "Vizuri," akasema Konsolata, kana kwamba ameambiwa nina shahada. "Na hapa nyumbani, kazi gani ni ya kwake?" Ndipo mama alipokunja uso. "Kazi? Unaona mutoto ya namna hii, unauliza kazi?" Alisimama, akachukua kikombe cha mgeni kikiwa na chai nusu. "Chai imepoa, Madamu. Murakoze, asante kutufikia." Kwetu ukiambiwa chai imepoa, tafuta viatu vyako.

Alirudi. Safari hii hakutanguliza taarifa, alipiga hodi mchana wa chakula, akakuta mambo yenyewe: mimi kigodani, mkono umefungwa kiunoni, mama ana tonge mkononi. Mama aliganda akisubiri kukaripiwa. Konsolata aliketi sakafuni na sketi yake safi, akasema, "Endelea, Mama Mwamini, chakula kisipoe," akangoja mpaka nikashiba. Ndipo alipoomba kuushika mkono wangu wa kulia. Aliuvuta polepole, kama mama, na kiwiko kikafunguka karibu chote. Vidole navyo vikakubali. Aliushusha, akaupandisha tena, uso wake umebadilika. "Nani anaunyosha mkono huu?"

"Mimi. Kila asubuhi."

"Nani alikufundisha?"

"Nani anifundishe kumupaka mutoto yangu mafuta?"

Konsolata alimwambia kwamba ameona mikono mingi ya namna hii ambayo baada ya muda hujifunga, hata kuosha kwapani ni shida na mtoto analia. Huu umebaki laini kwa sababu ya mama, hakuna sababu nyingine. Mama aliinamisha kichwa akafuta vidole vyake taratibu, kimoja kimoja. Wanawake walimsifu kwa moyo wake. Huyu alikuwa wa kwanza kumsifu kwa kazi aliyoifanya. Nadhani kama Konsolata angenyamaza hapo, mambo yangekwenda upesi zaidi. Lakini na yeye alikuwa kijana, na furaha ilimponza. Aligusa mtandio. "Sasa tufungue na huu," akasema. "Huu mkono una nguvu. Utamlisha." Mama alitoka kwenye ule utamu kama mtu aliyemwagiwa maji. "Ule ni mukono ya choo. Sisi hapa hatukule na shetani, Madamu." Akamfungulia mlango.

Baada ya hapo nyumba ilikuwa na mambo mazito. Mjomba na mama waliongea sebuleni baada ya magharibi, nami nyuma ya pazia nasikiliza. Mjomba alisema amekutana na Konsolata mwaloni, na kwamba yule Madamu hakumweleza kitu chochote juu ya mikono. Alimuuliza tu swali. Alimuuliza yeye, Sefu, anataka nini kwa mtoto huyu.

"Ukamujibu nini?" mama aliuliza.

"Nikamwambia nataka asikufe na njaa ile siku dada yangu haiko."

Nilisikia karabai ikipigwa pampu, na mtu akipita uchochoroni anaimba. Nilikuwa nimelala chali. Watu walikuwa wameniombea afya, wameniombea msamaha, wameniombea hata mauti mema, lakini hakuna aliyewahi kusema kwa mdomo kwamba mama ana mwisho. Sasa limesemwa na mtu ambaye hasemi ovyo. Nilijiona nimekaa kigodani peke yangu, sahani mbele, mkono kiunoni, na nyumba haina mtu. Mpaka leo nikisikia mzazi mwenye mtoto kama nilivyokuwa akisema "mimi nipo, atakosa nini?", mwili unanisisimka, na kwa kuwa sijui kunyamaza, humwambia naye ana mwisho.

Mjomba alikwenda kumuuliza mwalimu wa msikitini. Alirudi Ijumaa, kanzu yake bado ina harufu ya mafuta ya uturi, akasema mbele ya wote: mwenye udhuru hana lawama, dini haimbebeshi mtu asichoweza, na mtoto ale kwa mkono alio nao. "Mufungue," akamwambia mama. Nilidhani yamekwisha. Hata Zuhura, binti yake Mjomba, aliyekuwa anangoja harusi yake mwaka huo na ndiye rafiki yangu pekee, alinikonyeza kutoka mlango wa uani. Mama akafungua mtandio, akaukunja vizuri, akauweka kando. Kisha akafinyanga tonge na kunitia mdomoni kabla sijauinua mkono. La pili hivyohivyo. La tatu nilikuwa nimeufikisha mkono kwenye sahani, akaisogeza sahani kwake. Hakuwa mkali. Alinitazama kwa mapenzi matupu, akanilisha haraka mpaka nikashiba, na mkono wangu uliokuwa huru ukakaa juu ya paja langu. Mjomba alimtazama dada yake, akaenda kujilaza. Wote tulikuwa tumedhani kinachotuzuia ni dini.

Konsolata hakuitwa, lakini Mjomba alimpelekea salamu, na yeye akarudisha wazo. Kama kula kuna uzito, tuache kula. Nyumba hii ina kazi gani? Ilikuwa na kazi ya ndagala. Ndagala za Mjomba zilianikwa uani, na zikikauka zilichambuliwa kwenye ungo: kutoa changarawe, kutoa visamaki visivyo vyake, kutoa zilizovunjika. Mama alikubali kwa sababu kuchambua si kula. Konsolata alikuja akakaa nasi uani, safari hii mama akamletea mkeka bila kumtazama usoni, wakatafuta pamoja namna ya kunikalisha. Ni mama aliyegundua kwamba mkono wa kulia ukilazwa juu ya ukingo wa ungo, uzito wake unaushika usiteleze. Maana alikuwa anaujua mkono ule kuliko mimi. "Hivi?" akauliza. "Hivyohivyo," akasema Konsolata. Basi mkono mgonjwa ukapata kazi ya kushika, na ule mzima ukachambua. Siku za kwanza nilimwaga zaidi ya nilizochambua, na kuku wa jirani walinipenda sana.

Kisha mdomo wangu ukaanza kunisaidia. Zuhura alikaa nami, nami kwa miaka miwili nilikuwa nimekusanya sauti zote za uchochoroni: nani anakohoa anapodanganya, nani anaita samaki wake wa leo na tunasikia nzi kutoka ndani. Niliwaigiza. Wasichana wa mtaa walianza kuja na nyungo zao kuchambulia uani kwetu, wakisema kwetu kuna kivuli, na kivuli hakikuwapo. Niliitwa "Mwamini" tena, si "yule mutoto". Zuhura aliniibia ndagala za kukaanga, tukajificha nyuma ya jiko, nikala kwa mkono wangu, mafuta yananichuruzika mpaka kiwikoni. Ya kwanza niliitafuna nikingoja shetani. Hakuja. Nikala ya pili. Ilikuwa na chumvi nyingi na ndiyo samaki mtamu kuliko wote niliowahi kula. Lakini ndani ya nyumba, mbele ya sahani, nilirudi kuwa kinywa cha mama. Nilitaka jambo moja tu mwaka ule wote: kukaa kwenye sinia na watu, nile nao. Nilimuuliza mama usoni, "Juu ya nini hutaki?" Akaniambia, "Kula, kinapoa."

Jibu lilikuja siku Konsolata alipokuja kuaga. Alikuwa amehamishiwa kwingine, na harusi ya Zuhura imekaribia. Alimfuata mama jikoni, jiko la uani lenye ukuta wa mabati, nami nilikuwa upande wa pili wa mabati na ungo wangu. Walizungumza juu ya kuni kwanza. Kisha Konsolata akasema Zuhura ameomba mimi nikae kwenye sinia lake siku ya harusi. "Siamui mimi," akasema. "Mtoto ni wako, nyumba ni yako. Nakuuliza tu, mama, unaogopa nini?"

Nilimsikia mama akisukuma kuni ndani ya mafiga. "Batanisema nimemuchoka," alisema. "Hii mutaa yote inanijua kwa kitu moja, Madamu. Moja tu. Wakimuona anakula na kushoto mbele ya watu, watasema mama yake amechoka naye, amemuacha ajifanyie." Kuni zikapasuka motoni. "Na mimi nimechoka. Nimechoka kabisa, mpaka mifupa. Ile njo sababu siwezi."

Konsolata alisema, "Pole, mama," nikamsikia akichutama kando yake. Walikaa hivyo mpaka sufuria ikachemka. Mimi nilishika ungo, ndagala zimemwagika mapajani, nikiwa na uchungu nisioweza kuupangia upande. Nilikuwa nimemkasirikia mama kwa miezi. Sasa nilimwona amefungwa kwenye kigoda kilekile nilichofungwa mimi, na watu wamesimama pembeni wanamsifu jinsi anavyokaa.

Harusi ilikuwa ya mchana, bwana harusi akitokea Gatete na jamaa zake. Baada ya ndoa kusomwa wanawake waliingia ndani, masinia ya pilau yakapangwa mikekani, na Zuhura, akiwa na hina mpya mpaka kwenye viwiko, aliniita kwenye sinia lake chumbani, pamoja na wasichana wa uani kwetu na shangazi mmoja wa bwana harusi. Nilitazama kwa mama. Alikuwa nyuma yangu, ameegemea ukuta, kanga ameishika chini ya kidevu. Hakuitikia wala hakukataa. Nikajiburuta, nikakaa. Msichana wa kunawisha alifika na birika na beseni, akangoja mkono wa kulia. Nikampa wa kushoto. Maji yalichelewa kidogo kushuka. Nikanawa, nikasema bismillahi, nikautia mkono kwenye wali upande wangu.

Wengine waliacha kula. Shangazi wa Gatete alirudisha mkono wake mapajani. "Eeh! Huyu mutoto anakula na kushoto? Ndani ya sinia?" Akageuka kutafuta kwa macho. "Mama yake iko wapi? Hana mama wa kumufundisha?"

Sikuweza kuinua uso. Nilikuwa na tonge mkononi, punje zinaanguka moja moja. Nikasikia kanga ikisugua ukuta, mama ameinuka.

"Mama yake ni mimi," alisema. "Na ni mimi nimemufundisha. Kula, Mwamini."

Haikuwa kweli, na kila msichana wa uani pale alijua. Hakuna aliyesema. Nikala. Nusu ilifika mdomoni, nusu ilinimwagikia gaunini, na wali ule sikuuonja, nilikuwa nautafuna tu. Zuhura akatia mkono wake karibu kabisa na wangu, akala, wasichana wakafuata. Shangazi wa Gatete alihamia sinia lingine. Sikusimama mpaka nikashiba, na kwa mara ya kwanza tangu niugue niliamua mwenyewe kwamba nimeshiba.

Na yale aliyoyaogopa yalisemwa. Watu husema mambo ya namna hii huisha kwa vigelegele; haya hayakuisha hivyo. Wanawake wakivaa viatu mlangoni, mmoja wa wale wale wa jioni, wa "wewe iko na moyo, dada", alisema bila hata kupunguza sauti: "Amemuchoka. Nilijua tu. Mutu anachoka." Mwingine akasema masikini. Mama alikuwa anawagawia chakula cha kubeba nyumbani, akawagawia wote, huyo naye, mafungu sawa. Jioni za pazia zilipungua tangu siku hiyo, na nyingine hazikurudi kabisa. Mpaka mwisho wa uhai wake mtaa ulimpenda mama kwa kiasi, lakini haukumtukuza tena. Walipoondoka alimwambia Mjomba, midomo inamcheza, "Yule Madamu akirudi huku, asiingie mulango yangu." Mjomba akajibu, "Sawa, dada," akaenda kukunja mikeka.

Alasiri nilimtafuta mama. Nilimkuta jikoni, peke yake, amekaa chini mbele ya sahani ya pilau aliyoipakua kwenye sufuria iliyokuwa bado juu ya mafiga. Mvuke ulikuwa unapanda usoni mwake. Alitia tonge mdomoni, akalitoa haraka, akalipuliza, akalirudisha. Nikamuuliza ana nini. Hakunitazama. Alisema tangu niugue hajala chakula cha moto. Kila mara alinilisha kwanza, kisha akala kilichobaki, kimeganda, na alikuwa amesahau chakula kinakuwaje.

Nilikaa kando yake. Alichukua tonge lingine, machozi yanamtoka.

"Kinaniunguza," alisema, akaendelea kula.